Chini ya Saba

Mfupa ulilia kabla yeye hajalia. Plasta, nahodha wa wageni, aliusikia ukikatika karibu na kiwiko, kisha akajikuta kifudifudi, mchanga mdomoni, na njumu za beki wa wenyeji zikishuka taratibu kutoka kwenye mkono wake wa kulia. Mkono wa kushika mwiko. Mkono uliomlisha mke na watoto wawili kwa kupiga lipu nyumba za watu.

Walikuwa saba uwanjani tangu filimbi ya kwanza. Nauli waliyochanga ilitosha viti vinane tu: wachezaji saba na mjomba wake, ambaye ndiye kocha, mweka hazina na mfua jezi. Chini ya saba, mechi huvunjwa. Na hii ikivunjwa itakuwa ya tatu msimu huu. Kwa kanuni, klabu yao inafutwa kwenye ligi, na wenyeji, waliokuwa wakipumulia mashine mkiani mwa ligi, wanapona.

Wenyeji walilijua hilo. Ndiyo maana hawakuwa wakiutafuta mpira.

"Mmekuja kucheza au mmekuja kuzika?" beki alimuuliza, akiinama kama anayempa pole. "Toka, kaka. Tukaoge sote."

Mjomba alifika na chupa ya maji. Aliutazama mkono uliopinda pasipo na kiungo, akageukia pembeni.

"Ukitoka, tumekwisha."

"Na nikibaki, mjomba? Jumatatu nishike mwiko kwa meno?"

Mjomba alivua mkanda wa suruali yake, akaufunga ule mkono kifuani, akakaza. Plasta akatapika.

"Simama tu," mjomba alisema. "Usicheze. Simama."

Kamisaa wa mechi, aliyetumwa na chama cha soka, alikuwa amekaa kivulini na soda yake. Plasta alijikokota hadi mstarini.

"Mkubwa, wanatuvunja. Huoni?"

"Naona saba," kamisaa alisema. "Mkiwa sita, niite."

Plasta akarudi uwanjani, akasimama. Nusu saa nzima. Kipa wake alipigwa kiwiko, meno mawili yakabaki mchangani. Akatema damu, akarudi golini. Kila ikipigwa kona, Plasta alipigwa bega palepale penye mkanda. Mara ya tatu alianguka, akainuka kwa magoti kama mtoto anayejifunza kutembea, watazamaji wakimhesabia hatua kwa vicheko. Bao la saba likaingia. La nane. Filimbi ya mwisho ilipolia, wenzake walikumbatiana kama waliotwaa kombe.

Kamisaa alileta fomu na kuiweka kwenye meza yake pale kivulini. "Nahodha asaini, la sivyo mechi haihesabiki."

Plasta alinyoosha mkono wa kushoto.

"Hiyo siyo saini tuliyo nayo ofisini."

"Wa kulia umevunjika, mkubwa."

"Basi dole gumba. La kulia."

Mjomba alianza kufungua mkanda. Hakumtazama usoni. Kamisaa alikishika kiganja kilichovimba, akakivuta hadi mezani. Mfupa ukasaga mfupa, na sauti iliyomtoka Plasta iliwanyamazisha hata wenyeji. Gumba likabanwa kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Kamisaa aliinua fomu, akaitazama kwenye mwanga.

"Alama imechafuka," alisema. "Mshikilie vizuri, turudie."

Mjomba akamkumbatia mpwa wake kwa nyuma, kwa nguvu zote, akafumba macho.