Madoa Nje ya Kiini

Usiniambie Mulei alikuwa mtu mzuri. Najua alikuwa mzuri. Ndiye aliyenifundisha kazi ya maabara ya mifugo, na mwaka wa 1984, baba yangu Muthama alipoumwa na mbwa wake huko Mbumbuni, ni yeye aliyesema, "Mbinya, huwezi kusoma sampuli ya mbwa wa baba yako. Nipe mimi."

Basi nikakata ubongo wa yule mbwa vipande vyembamba, nikavibandika kwenye kioo, nikavitia rangi, nikampisha kwenye hadubini. Kila seli ina kiini, kile kiduara cha buluu katikati. Virusi vikiingia, huacha madoa mekundu. Madoa yakiwa ndani ya kiini, ni distempa, ugonjwa wa mbwa wenyewe, mtu haumdhuru. Yakiwa nje ya kiini tu, ni kichaa cha mbwa, na mtu asipodungwa sindano mapema amekwisha.

"Ndani!" Mulei akapiga kelele. "Distempa, dada! Kimbia umwambie mzee!"

Nilitoka mbio na koti la maabara mwilini, kina mama wa sokoni wakinicheka.

Mwezi uliofuata Baba akaanza kuogopa maji. Akiletewa kikombe, koo linambana, anakisukuma.

Nikakitoa kile kioo kabatini, nikakitazama mwenyewe. Madoa ndani ya kiini yalikuwepo, kweli. Nikasogeza kioo kidogo tu, hadi seli za upande wa pili. Woi! Huko yalikuwa nje, makubwa, tele. Mbwa yule alikuwa na magonjwa yote mawili. Mulei aliona ugonjwa wa kwanza akafurahi, akaacha kutafuta. Nilimtukana matusi ambayo mtu wa kanisa hatakiwi hata kuyajua. Yeye alilia tu, na kulia kwake kukanikasirisha zaidi.

Hospitalini nilimkuta Baba ametulia kidogo. Huniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Wamesema nini kazini, mama?"

Sikumdanganya. "Ni kichaa cha mbwa, Baba. Tulikosea."

"Basi waambie wanidunge."

"Sindano haisaidii sasa. Ilikuwa ya wakati ule."

Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Lakini wakati ule nilikuwa kwenye foleni ya sindano, mama," akasema. "Si ni wewe ulikuja ukanitoa?"