Fungate ya Injinia Faki

Siku ya tano ya fungate, Faki bado hajaamua. Na posta ya Malindi, Jumamosi, hufungwa saa sita.

Mimi ndimi somo, yaani kungwi, wa bibi harusi aitwaye Shekha. Nilikuwa nao humo ndani tangu siku ya kwanza, basi nasema niliyoyaona. Bwana harusi wetu alikuwa injinia wa maji, anataka kusomea digrii ya pili, na vyuo viwili vimemkubali: Uholanzi, Oktoba ya mwaka uleule, 1984, na Nairobi, mwakani. Waholanzi walitaka jibu kwa simu ya maandishi, mwisho Jumamosi ile. Naye bwana harusi, kama mjuavyo, hatoki nyumbani kwa mkewe mpaka siku saba zitimie.

Mamake, Bi Mwanabibi, alikuja na mahamri na maneno.

"Nairobi, mwanangu. Mwakani. Hiyo Uholanzi si ndiyo uliyoniambia iko chini ya bahari?"

"Chini ya usawa wa bahari, mama. Ndiyo maana nataka kwenda. Wale wanajua kuizuia bahari isiingie visimani. Sisi hapa chai ina chumvi kabla haijatiwa sukari."

"Chumvi hiyohiyo umeinywa, ukawa injinia!"

Nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka. Mama mtu alipoondoka, Faki akarudia karatasi yake: mistari, safu, faida huku, hasara kule. Shekha akaichungulia.

"Mie niko safu gani?"

Faki akapitisha kidole safu zote. Hakumwandika popote.

"Baridi nitaiweza," Shekha akasema. "Kukaa mwaka mzima mama zetu wananigombania nilale kwa nani, hilo siliwezi. Andika."

Akaandika jibu, kwa Kiingereza. Nikapewa karatasi hiyo saa nne, niipeleke posta.

"Moja kwa moja, Somo," Shekha akaniapisha. "Usipite kwa mtu."

Wallahi sikupita kwa mtu. Sharda wa duka la nguo ndiye aliyeniita: "Bi Mishi, maharusi hawajambo?" Sasa mtu akikuuliza habari za maharusi, utamjibu umesimama? Nikakaa. Chai ikaja, majirani wakaja, duka likajaa. Nasimulia, nimefika pale pa safu, watu hoi kwa kicheko, mara nje yowe.

Bwana harusi! Mchana kweupe, kikoi na fulana, ndara moja yake, moja ya mkewe, ananukia udi mtaa mzima. Kumbe kuna aliyepita dirishani kwao akawaambia Somo yuko kwa Sharda anakunywa chai. Alininyang'anya karatasi bila hata shikamoo, akatimka. Duka zima tukamfuata.

Kazungu, karani wa posta, alikuwa ameshika komeo la mlango.

"Bwana Faki, wewe si uko fungate?"

"Niko. Pokea hii."

Kazungu akaisoma, akatufasiria sisi tuliojazana mlangoni: "Nakuja Oktoba. Tuko wawili."

Habari ilipomfikia, Bi Mwanabibi alilia, akanyamaza, akauliza huko chini ya bahari huvaliwa nini. Kisha likabaki suala la fungate iliyovunjwa. Wanawake wazima tukakaa kikao, hukumu ikatoka: ianze upya, siku ya kwanza, na masinia yake yote ya chakula.

Faki akashika kichwa. Nami, kwa chai ile, nikahukumiwa nisitoke nje siku zote saba.

Sikulalamika. Ikabidi watu waje wao.