Viatu vya Chiriku

Asubuhi hiyo Msusi hakufungua kibanda chake. Alivaa gauni jipya, akamshika Chiriku mkono, wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

Chiriku ni mtoto wa dada yake. Dada alipopata kazi ya mbali alimwacha kwa Msusi kwa muda tu, na muda wenyewe ukaota mizizi. Baba mtoto, fundi bomba, hakuwa mtu mbaya. Hela ya matunzo aliitoa kila mwezi bila kusukumwa. Ila aliipeleka kwa mama yake mzazi. Msusi hata harufu yake hakuisikia. Daftari, dawa ya kikohozi, ugali na mboga, vyote vilitoka kwenye vidole vyake, na sasa shule ilitaka hela ya chakula cha mchana. Isipolipwa, Chiriku angekaa akiwatazama wenzake wakila.

Walimkuta Bibi kwenye benchi, mkoba mapajani, mfuko mkubwa miguuni. Mwanawe, fundi bomba, amejibana pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo, mama," alisema Msusi.

"Marahaba. Umekuja kunishitaki."

"Nimekuja kuuliza tu."

"Watu hawavai gauni jipya kuja kuuliza tu."

Afisa, mama mmoja ambaye miwani haikukaa puani, aliwaita ndani. Akamuuliza Bibi hela ile anaifanyia nini.

"Namnunulia mjukuu wangu viatu, kuna lingine? Mimi nimekua peku, mwanangu. Huyu hatakua peku."

Akaufungua mfuko. Vikatoka vyekundu, vya buluu, vyenye maua, vyenye vifungo, vyote havijaguswa na vumbi. Alikuwa akiviweka ili mtoto akija likizo avikute. Chiriku aliruka kitini, akachomeka mguu kwenye chekundu. Kisigino kikabaki nje. Akajaribu cha buluu, akasukuma mpaka ulimi ukamtoka.

"Bibi, hivi ni vya mwanasesere?"

Fundi bomba alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Haiwezekani," alisema Bibi. Alitoa mkobani kipande cha uzi chenye fundo kila ncha. "Nilimpima mwenyewe, siku mama yake alipomleta kuaga. Kila nikienda kwa muuza viatu, naenda na uzi wangu."

Afisa aliutandaza chini ya unyayo wa Chiriku. Uzi uliishia kabla vidole havijaanza.

Msusi alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga tangu jana. Yote yakamyeyukia mdomoni. Kumbe mama wa watu hakula hata senti.

"Mama," alisema afisa polepole, "hela hii si yako, si ya huyu dada, na ikishatoka si ya fundi tena. Ni ya mtoto. Anayeipokea ni yule anayeishi naye, anayejua leo kala nini na mguu umefika wapi. Analala kwako?"

"Halali kwangu."

"Basi iende anakolala."

"Mimi nilidhani nikishampa mama, nimeshampa mtoto," alisema fundi bomba.

"Ulidhani kwa raha zako, shemeji," alisema Msusi. "Mwezi huu uanze na chakula cha shule."

"Nitaanza nacho leo."

Bibi alikuwa anarudisha viatu mfukoni, kimoja kimoja. Mabega yamemshuka. "Kwa hiyo mimi sina kazi tena."

Msusi alimtazama. "Na viatu atanunua nani, mama? Mimi najua vichwa, miguu siijui. Hivi vidogo watavaa watoto wa jirani. Wewe uje nyumbani, kila mwezi, umpime akiwa amesimama mbele yako."

Bibi hakutaka kungoja mwezi. Hapo hapo nje, Chiriku akapandishwa kwenye benchi huku akitaja rangi anazozitaka, na Msusi akatoa mfukoni uzi wa kusukia. Bibi aliinama, akapima toka kisigino, akavipita vidole, akaenda mbele zaidi ndipo akafunga fundo.

"Mama, hapo si umezidisha?" aliuliza Msusi.

"Huyu simwamini," alisema Bibi, akiukata uzi kwa meno. "Nikigeuka tu, anakua."