Chumba cha Ghorofa ya Chini

Tessa alikuwa amevaa nguo ya kuogelea juu ya sweta na soksi ndefu za sufu. Mdogo wake Kyle alikuwa amejitia mikononi maboya ya plastiki ambayo baba yao aliyanunua mjini wiki ile. Walikuwa wakiogelea kwenye zulia la jikoni. Nje hapakuonekana shamba, wala njia, wala zizi. Theluji ilipita mlalo dirishani, upepo wa Januari ukiisukuma kutoka upande wa Alberta kama mtu anayefagia nyumba kwa hasira.

"Baba, huko jangwani kuna ngamia?" Kyle aliuliza akiwa kifudifudi.

"Kuna mitende," Orest akamjibu. "Na mabwawa. Kila hoteli ina bwawa lake. Unatoka kitandani, unajitosa."

"Na nyoka?"

"Nyoka wenyewe wamelala, wana likizo yao."

Watoto wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya jokofu, mbali na kikapu alimolala mtoto mchanga, nikijitahidi kuupanga uso wangu ufanane na uso wa mtu anayecheka.

Ramani ilifunika meza nzima, ikaning'inia ukingoni kama kitambaa. Mume wangu alikuwa amechora juu yake njia ya kalamu nyekundu tangu kijijini kwetu Saskatchewan, Kanada, ikashuka Montana, ikapasua Utah, hadi Palm Springs, mji wa mahoteli uliojengwa katikati ya jangwa la California. Wazee wa kwetu wenye uwezo huhamia huko kila majira ya baridi, kama bata bukini, na kurudi Aprili na ngozi za shaba na hadithi za ndimu zinazochumwa uani. Sisi hatukuwa wazee. Tulikuwa na watoto watatu, na wa mwisho hajaota jino. Lakini mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule, na Orest alikuwa ameshaamua kwamba jua ndilo litakalonirudisha.

Hakusema kunirudisha kutoka wapi. Hakupajua.

Rosalie alizaliwa wakati wa kumalizia mavuno. Orest alifika hospitali na vumbi la ngano kwenye nyusi, akamshika binti yake kwa mikono iliyonuka dizeli, akatabasamu mpaka wauguzi wakatabasamu naye. Nakumbuka nikiwatazama kana kwamba nipo upande wa pili wa kioo kinene. Nikajiambia ni uchovu. Kila mtu akaniambia ni uchovu.

Mara ya kwanza ilinijia ngazini. Nilikuwa nikishuka nimembeba, na ghafla nikamwona akianguka. Hakuanguka, alikuwa kifuani pangu, amesinzia, pumzi yake ikinuka maziwa. Lakini niliona. Niliona mikono yangu ikifunguka, na nikasikia mpaka kishindo chake sakafuni. Nikakaa pale pale kwenye kidato, nikateremka kidato kwa kidato kwa makalio, kama mtoto. Tangu siku hiyo nilishuka hivyo kila mara. Tessa alidhani ni mchezo, akawa ananiiga.

Kisha ikaja kwenye maji ya moto. Kisha kwenye kisu cha mkate. Nikaacha kupika nikiwa naye jikoni. Nikawa namweka kwenye kikapu upande mmoja wa chumba, nami nakaa upande mwingine, nikiimba kwa mbali ili asilie. Nilimlisha, nilimbadilisha nepi, nilimwosha kwa kitambaa chenye unyevu badala ya beseni, halafu namweka chini upesi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Sikuwa namchukia. Hilo ndilo sikuweza kumweleza yeyote. Nilimpenda kiasi cha kutaka awe mbali nami kadiri ya ukubwa wa nyumba ile. Wahenga husema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimezaa mara tatu, na bado nilikuwa nimejificha.

Orest aliona nusu tu. Aliona mke asiyekula, asiyelala, asiyembeba mwanawe. Dada yake mkubwa, Nadia, mjane aliyekaa shamba la jirani, aliona zaidi na kuyasema yote. Kila alipokuja aliingia na chungu cha supu ya bitiruti, akakung'uta theluji miguuni, akatazama kikapu pale sakafuni, halafu mimi.

"Wifi, huyu mtoto unamlea au unamlinda?" aliniuliza siku moja. "Mimi nilizaa wanne, na kesho yake niko zizini nakamua."

"Kila mtu na mwili wake, dada," Orest akasema.

"Sijasema kitu. Nimeuliza."

Baada ya hapo ndipo ramani ilipoletwa mezani. Husemwa mfa maji haachi kutapatapa. Kwetu aliyekuwa anazama ni mimi, lakini aliyekuwa akitapatapa ni Orest. Alipiga simu ovyo. Aliuliza hali ya barabara milimani, aliuliza hoteli zipi zinakubali watoto wachanga, zipi zina bwawa la kina kifupi, zipi zina jiko dogo chumbani la kupashia chupa. Alimpigia hata mzee mmoja wa parokia aliyekuwa kule tayari, akamshikilia kwa maswali mpaka mzee akasingizia kwamba mtu anabisha hodi. Jioni alinisomea vipeperushi kwa sauti, huku akinitazama kwa pembe ya jicho kila baada ya sentensi, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji na kungoja ameze.

"Asubuhi milima inakuwa ya waridi," alinisomea. "Colleen? Ya waridi, wanasema."

"Itapendeza," nilimjibu.

Nilichokuwa nakiona mimi ni barabara ndefu, gari moja, na kichanga mapajani mwangu karibu na kitasa cha mlango. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba njia ya kuwaokoa wote ni mimi kutokuwepo. Nililifikiri jambo hilo kwa utulivu, nikikunja nguo ndogo za pamba za safari. Utulivu wenyewe ndio ulionitisha baadaye, nilipokumbuka.

Sasa basi, alasiri ile ya upepo, watoto wakiogelea kwenye zulia, Orest alikuwa amesimama kwenye simu ya ukutani, waya wake umejizungusha kiunoni mwake. Alikuwa amempata mwanamke wa mapokezi wa hoteli aliyoitaka. Alicheka naye kuhusu baridi ya kwetu. Kisha akaziba simu kwa kiganja na kunigeukia, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuuona tangu mavuno.

"Kuna chumba ghorofa ya nne," alisema. "Kina roshani. Unaona bwawa, unaona na milima. Kingine kiko chini, nyuma, kinatazama maegesho. Nachukua cha juu, sivyo?"

"Cha chini."

"Bei ni karibu sawa, mama."

"Chukua cha chini, Orest."

"Colleen, tunasafiri siku nne na watoto watatu, halafu tukatazame magari?" Alikuwa bado anatabasamu. "Kama ni watoto, usiogope. Nimeshauliza. Roshani ina kizuizi kirefu, Kyle hawezi kukipanda hata akipewa ngazi."

"Siwaogopi watoto," nikasema. "Najiogopa mimi."

Sikuwa nimepanga kusema. Maneno yalitoka kama yanavyotoka matapishi, bila heshima, mbele ya kila mtu. Kwenye kiganja chake sauti ndogo ya mwanamke wa jangwani ilikuwa ikiita, bwana, bwana, bado upo? Orest aliinua simu taratibu, akasema tutakupigia, akaining'iniza.

"Tessa," alisema, "mchukue Kyle, nendeni mkaangalie televisheni."

"Lakini tunaogelea."

"Nendeni."

Walipotoka nikamwambia yote. Ngazi, maji, kisu cha mkate. Nilizungumza nikiitazama ramani, kwa sababu ilikuwa imetulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Umewahi kumfanya lolote?"

"Hapana. Lakini naona. Kila nikimshika naona."

Orest akaenda kwenye kikapu, akamwinua Rosalie, akarudi nyuma naye mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Alinitazama akiwa pale. Nimewahi kumwona akimtazama hivyo mbwa aliyeingia zizini akitokwa povu. Haikuchukua muda, lakini niliiona, naye akajua kwamba nimeiona. Uso ukamshuka. Alirudi mezani akiwa bado amembeba mtoto, akavuta kiti kwa mguu, akakaa karibu nami kiasi cha goti lake kugusa langu. Akaivuta kofia ya mtoto mpaka masikioni.

"Nimpigie Nadia?" alinong'ona hatimaye.

"Nadia ataniua."

"Simjui mwingine wa kumpigia."

Nadia alikuja na trekta, kwa sababu njia ilikuwa imefunikwa. Tulisikia ngurumo yake kabla hatujaona taa. Aliingia na baridi yake, akasimama mlangoni na koti lake refu la marehemu mumewe, na Orest akamweleza kwa sentensi fupi, macho chini. Mimi nilisubiri hukumu. Ningeipokea, nilikuwa nimeshajihukumu mara nyingi, na mkono wa mwingine usingeongeza kitu.

Nadia alivua glavu, moja, kisha nyingine, akaziweka juu ya ramani.

"Kwako ni ngazi?" aliniuliza.

"Ngazi. Na maji. Na kisu."

"Kwangu kilikuwa kisima."

Orest akainua kichwa.

"Wakati nilipomzaa Taras," Nadia alisema, akizungumza nami, si na ndugu yake. "Nilikuwa nakwenda kuchota maji nimemfunga mgongoni, na kile kisima kinaniita. Nikamwambia mume wangu kisima kimeingia panya, kifunikwe. Akakifunika kwa mbao na misumari. Tukawa tunachota maji kwa jirani mwaka mzima, na watu wakatucheka." Alijifuta pua kwa kifundo cha mkono. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata padri."

"Lakini ulisema uliamkia kukamua," nikasema.

"Nilikamua, ndiyo. Mtoto nilimwacha ndani na mama mkwe. Zizini hakuna kisima."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipoolewa katika nyumba ile. Alikishika kichwa changu kwa mikono miwili, akakibana tumboni mwake, kwenye koti linalonuka dizeli na ng'ombe, akakiacha pale. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua. Watoto walikuja mlangoni, na shangazi yao akawaambia kwamba mama anaumwa, kesho anapelekwa kwa daktari, na anayetaka mkate wenye asali aoshe mikono.

Asubuhi greda lilipopita kusafisha barabara, Orest alinipeleka hospitali mjini Saskatoon. Nadia alibaki na watoto. Dunia yote ilikuwa nyeupe na tambarare, na jua lilikuwa kali lisilo na joto hata kidogo. Karibu na daraja la mto alipunguza kasi, akasimama pembeni, mikono yote kwenye usukani.

"Ningekupeleka kule," alisema. "Ningekupa chumba cha juu, nikakuacha na watoto, nikashuka kutafuta barafu ya vinywaji."

"Hukujua."

"Ningepiga mluzi kwenye lifti, Colleen."

Niliweka mkono wangu juu ya wake, na tulikaa hivyo mpaka lori likatupita na kulitikisa gari.

Palm Springs hatujafika hadi leo. Tumezeeka, majirani huenda na kurudi, na kila mwaka kuna anayetusimulia ndimu za uani. Rosalie ana wanafunzi wake sasa, anafundisha mjini Regina, na amerithi nyusi za baba yake. Wakati wa majira yale ya baridi sikujua kama ningemwona akitambaa.

Hospitalini nilikuta daktari mfupi mwenye mafua, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Aliniambia ninachokiona ni ugonjwa, kwamba una jina, kwamba si mara yake ya kwanza kuyasikia hayo kutoka kwa mama. Sikumwamini. Nilimeza vidonge bila kuamini, nikalala bila kuamini, nikaamka na kulala tena. Picha hazikuondoka kwa siku moja. Zilipauka kidogo kidogo, kama nguo inayoachwa kwenye kamba.

Orest alikuja kila barabara ilipofunguka. Mwanzoni alikuja peke yake. Kisha alikuja na Rosalie, akakaa naye kwenye kiti karibu na mlango, nami nikiwatazama nikiwa kitandani. Baadaye kiti kikasogea. Muuguzi alikuwa akisimama nasi, akijifanya anakunja mashuka.

Siku moja mwishoni mwa Februari muuguzi aliitwa chumba kingine. Orest alibaki amesimama katikati ya chumba na mtoto, akiutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Nikajua anachokifikiri, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri. Alikuja, akanilazia Rosalie mikononi, akaupanga mkono wangu chini ya kichwa chake.

"Naenda kutafuta kahawa," alisema.

"Orest."

"Maziwa bila sukari, sivyo?"

Akatoka. Rosalie alikuwa macho. Alikuwa amenenepa, na alinitazama kwa ukali kidogo, kama anayejaribu kukumbuka wapi tulikutana. Alishika utepe wa vazi langu la hospitali, akauingiza mdomoni.

Orest alikawia. Aliporudi, kahawa ilikuwa imepoa kabisa, vikombe vyote viwili. Hakusema alikuwa amesimama wapi, nami sikumuuliza. Tuliinywa hivyo hivyo.