Vyungu Kumi na Vinne

"Mama, rudisha hicho chungu," meneja alisema kwa sauti ya chini, meno yote nje, maana wageni walikuwa wanatazama.

Mama Kopo hakurudisha. Alikikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, akaendelea na safari yake. Ilikuwa saa sita mchana na saruji ya mlango mkubwa ilichoma hadi ndani ya ndara.

Jina hilo alipewa pale ofisini, alikokuwa akifagia, kwa ajili ya kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari, la kumwagilia. Miaka minne nyuma aliokota kwenye takataka kipakiti cha mbegu za maua ya nchi za baridi. Walimcheka: hayaoti huku. Akasubiri joto lipungue, akayapanda nyuma ya jiko, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi tu, akafunika mizizi kwa majani makavu, akamwagilia kabla hakujapambazuka vizuri. Yote yakafa ila mche mmoja. Akatunza mbegu za huo mmoja. Mwaka wa pili ikapona mitatu. Sasa vilikuwa vyungu kumi na vinne, maua ya zambarau yenye nyuso kama za vipaka, na vitumba vya mbegu bado vibichi. Wiki mbili tu vikomae. Vikikauka kabla ya hapo, hana mbegu nyingine duniani.

Meneja aliambiwa yote hayo, akaitikia ndiyo, ndiyo. Jumapili, Mama Kopo akiwa mapumzikoni, akaagiza vyungu vipangwe mlangoni. Jumatatu Mama Kopo akaambiwa avumilie hadi saa tatu, wageni wapite. Akavumilia. Saa tatu ikawa saa sita, maua yakalaza shingo, ndipo wageni wakafika na meneja akawaambia, "Haya tumeyaagiza kutoka nje. Hapa kwetu hakuna anayeweza kuyaotesha."

Hapo Mama Kopo akanyanyua chungu cha kwanza.

Aliporudi kuchukua cha pili, mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliuliza kuna nini. Meneja akacheka kidogo, akasema huyo ni mfagizi tu, ana mambo yake.

"Nimeyaotesha mimi," Mama Kopo alisema, bila kupaza sauti. "Huyu bwana anayaua."

Akainama, akanyanyua, akapita katikati yao. Cha tatu. Cha nne. Wageni wakawa wanampisha. Kufikia cha kumi na tatu jasho lilikuwa linamwingia machoni.

Mlinzi wa geti alimsogelea. "Mama, umekalia kuti kavu."

"Nimelikalia siku nyingi, mwanangu. Kamata hicho cha mwisho, na usikishike shingoni."

Mlinzi akamtazama meneja, kisha akakikamata.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kivuli. Mama Kopo alivipanga ukutani, akapiga magoti, akaanza na kile kilichoinama zaidi. Dirishani meneja akamwita aje ofisini, sasa hivi. Akamwita tena.

Kopo lilikuwa bado na maji.