Wimbo Niliosema Ni wa Kutwangia

Usingizi unanichukua mchana, nimekaa mkekani namenya karanga, na mjukuu wangu Sechelela amelala chumbani ameelekea ukutani. Huu ni mwezi wa tatu hajaimba. Yeye ambaye kazi yake ni kutunga na kuimba, aliyelifikisha zeze letu la Kigogo redioni na hata ng'ambo, amelitundika msumarini na kurudi kwangu, nami najua dawa yake ni neno moja kutoka kinywani mwangu, na neno hilo silitoi. Ganda la karanga linapasuka mkononi na ndani yake naona barabara. Naingia.

Barabara ni nyekundu, haina mwisho, kila nikidhani nimefika inajikunja na kunirudisha nilikotoka. Mtu mmoja ananipokea. Hana uso, pale pa uso ni laini kama yai, lakini ana adabu: ananishika kiwiko tukifika penye mashimo, ananitoa mwiba kisiginoni bila kuombwa. Shikamoo, Bibi, anasema. Marahaba, mwanangu, Sechelela yuko wapi? Yupo ulipomwacha. Nimemwacha chumbani. Hapana, Bibi, chumbani amelala tu, ulimwacha kabla ya hapo. Mbona unanizungusha wewe? Mimi sizungushi mtu, inayozunguka ni barabara, kazi yangu ni kuongoza wazee wabishi. Nacheka. Mungu anisamehe, nacheka.

Tunaingia mji ambao kila ukuta ni kioo, na katika kila kioo yumo Sechelela. Huyu ana miaka kumi na miwili, anapiga zeze alilopewa bure na fundi aliyemwona ameduwaa nje ya karakana yake. Huyu anaimba mnadani katikati ya mbuzi, na muuza nyama anasogeza mwavuli wake ili binti wa watu asiungue jua. Huyu yuko studio, amefumba macho, anarudia mstari mmoja mara ishirini mpaka fundi mitambo anamletea chai. Huyu yuko kwenye jukwaa la nchi ya baridi, amejifunga kanga yangu. Vioo ni vingi, wimbo ni mmoja, ule uliompa jina. Amka mwanangu, jua limepanda. Amka mwanangu, wenzio wameondoka.

Wimbo huo ni wangu. Niliutunga siku tuliyomzika Nyemo, binti yangu, mama yake Sechelela, aliyetutoka akimzaa. Kwetu mama akifiwa na mwanawe humtungia wimbo wa kumwita, huuimba mpaka matanga yaanuliwe, kisha hauimbwi tena. Mimi nilishindwa kuuacha. Niliuimba chinichini nikitwanga uwele, hata siku moja mtoto akaniuliza, Bibi, wimbo gani huo? Nikasema ni wa kutwangia. Alikuwa na miaka sita, ana mapengo, anatabasamu. Ningemwambiaje? Akakua nao, akautia zeze na ngoma, akauchangamsha, na watu wakaupenda.

Kioo kinafunguka, ndani ni ukumbi wa harusi. Wasio na nyuso wanaucheza wimbo wa Nyemo wakiingiza keki. Mashangazi, anapaza sauti mshereheshaji, leo hakuna mgonjwa wa mgongo hapa! Mama mmoja ananivutia kiti, anakipangusa kwa mtandio wake, kisha ananitania, Bibi, mbona umenuna, ulimtaka bwana harusi wewe? Nataka kumwambia kwamba wanamchezea mwanangu juu ya kaburi, ngoma inanizidi sauti. Jukwaani Sechelela anaimba. Kikongwe wa kijijini kwetu anamwendea, anamnong'oneza sikioni kwamba huo ni wimbo wa msiba, na zeze linakatika katikati ya mstari. Hivi ndivyo nilivyosimuliwa kwamba ilitokea. Anageuka kunitazama. Bibi, ni kweli? Ndivyo alivyoniuliza mlangoni siku aliporudi, hata begi hajalitua. Na siku ile nilimjibu, yule mzee amechanganyikiwa, mjukuu wangu, ule ni wa kutwangia. Akaingia chumbani, akageukia ukuta.

Mjibu sasa, ananiambia kiongozi wangu. Nikimjibu ataimba tena? Asiyejua aliyefiwa naye, anasema, atamaliza lini matanga? Ukumbi unasinyaa, unakuwa ua wangu. Sechelela ana miaka sita, amesimama kando ya kinu, ananifuta jasho kwa pindo la gauni lake. Bibi, wimbo gani huo? Nimerudishiwa siku yenyewe, nzima, haijatumika. Nafungua kinywa. Anatabasamu. Ni wa kutwangia, nasema. Kiongozi ananifunga kanga iliyolegea, polepole, kama anavyofungwa mgonjwa, kisha anaondoka.

Nashtuka. Niko mkekani, jua limenifikia magotini. Sechelela amekaa kando yangu, amenifunika miguu. Naushika mkono wake na kumwambia yote kwa pumzi moja, Nyemo, siku ya kuzika, uongo wa kwanza na uongo wa pili. Nalia mpaka nakohoa. Anasikiliza mpaka mwisho, ananipapasa mgongo. Asante, Bibi, anasema. Sasa amka, uje uniambie.

Nayafumbua macho, na yalikuwa wazi tayari: niko peke yangu mkekani, na chumbani Sechelela bado ameelekea ukutani.