Jino la Kungwi

Bi Mwanafatuma wa Mkwiro alikuwa kungwi, na kungwi asiyecheka ni kama karamu isiyo na wali. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za harusi, zile ambazo kabla hazijaimbwa wanaume hufukuzwa uani. Lakini tangu jino lake la mbele lilipogeuka rangi, alikuwa akiimba na ncha ya leso mdomoni, na maneno matamu yote yakiishia kwenye kitambaa.

Jino lenyewe lilikufa alipoteleza ngazini akishuka mashua, akaligonga. Daktari Kamene, binti wa Kikamba mwenye kliniki yake Ukunda, alilisafisha mzizi na maumivu yakaisha. Kisha likaanza kusawijika polepole, mpaka likawa kama kokwa ya tende. Bi Mwanafatuma akalisugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa mswaki. Wapi!

Sasa mjukuu wake Salwa anaolewa, na mpiga video wa kike amekwisha kuagizwa. Kanda hiyo itaangaliwa mpaka kijiji cha Munje. Akarudi kwa Kamene.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kucheka Jumamosi ya harusi."

Kamene akaangalia. "Bibi, ulikuwa ukisugua ukuta wa nje, na moshi uko chumbani. Damu iliyobaki ndani ndiyo iliyolipaka rangi."

"Na dawa itaingilia wapi?"

"Mlango wa nyuma."

"Ala! Kama mwizi wa kuku."

Kamene akalitoboa kwa nyuma, akachanganya unga mweupe na maji, akaushindilia ndani, akaziba. "Itafanya kazi humo humo. Urudi Alhamisi niitoe. Tunataka lifanane na wenzake, basi."

Wenzake, lazima tuseme ukweli, walikuwa wamekula tambuu miaka mingi, na rangi yake imewaingia.

Kila asubuhi Bi Mwanafatuma aliinua mdomo mbele ya kioo cha kabati, kama anayefunua chungu kuona wali umefika wapi. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa manjano. Ajabu hii! Jino limefungwa, halina dirisha, na huko ndani kuna mtu anapiga chokaa! Alhamisi lilikuwa sawasawa na wenzake. Mtu mwenye adabu angepanda mashua. Yeye akajiuliza: je, likiachwa, litafika wapi? Akatuma salamu Ukunda kuwa bahari imechafuka. Siku hiyo bahari ilikuwa imelala kama mkeka.

Alipokwenda hatimaye, Kamene alifunika macho kwa mkono.

"Bibi, hili limewaacha wenzake mbali!"

"Lirudishe."

"Nikishatoa dawa litashuka kidogo lenyewe, lakini si kabla ya harusi. Au niyasafishe haya mengine, na wewe uache tambuu."

"Niache tambuu? Mwanangu, nilikuja kwa jino moja, unataka kunivunjia nyumba."

Jumamosi ikafika. Salwa alikaa juu ya kiti kilichopambwa, macho chini, kama desturi inavyomtaka bibi harusi, asicheke wala asitikisike. Kamera ikawaka taa yake. Wanawake wakamgeukia kungwi. Leso ilikuwa bado mdomoni.

"Bibi, anza," Salwa akanong'ona bila kuinua macho. "Ukinyamaza wewe, hii si harusi, ni kilio."

Bi Mwanafatuma akaishusha leso, akaachia ubeti ambao hauandikiki. Taa ya kamera ikalipiga lile jino, likameremeta katikati ya wenzake wenye rangi ya tambuu, kama kanzu mpya kwenye kundi la wapiga kokoto.

Salwa akainua macho mara moja tu. Akauma mdomo. Akashindwa. Bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika, na ua mzima ukaangua kicheko naye. Mpiga ngoma akapoteza fimbo yake.

Kanda ilizunguka nyumba kwa nyumba, na kila kungwi alikopita aliulizwa, "Bi Mwanafatuma, lile moja ulilifanyaje?"

"Nilitaka kuona mwisho wake," alijibu, meno yote nje, akihamishia tambuu shavu la pili ili jino lake lisichafuke.